Siku Gari la Miraa Lilipokwenda Pole

Tangu turudi Laare, kila anayepita kwangu ana kisingizio. Mmoja amekuja kuazima ungo, mwingine kuuliza kama mbuzi wangu amezaa, na wote wakishapewa chai wananitazama na kusema, "Kwani siku ile kulitendeka nini?" Nimesimulia mpaka sauti imenikauka, na kila nikisimulia habari inazunguka sokoni na kurudi ikiwa na mambo ambayo sikuyasema. Kwa hiyo nimeamua kuandika mara moja, kwenu ninyi akina mama wa kikundi chetu, mpitishane. Kwa nini tulikwenda Embu na si kwingine, na fomu zipi zilijazwa, hayo nayaruka. Yalinichosha wakati ule na yatawachosha ninyi pia.

Laare hadi Embu

Baba Kendi mnamjua. Ni mzee wa kanisa, benchi la mbele, na miraa yake hufungwa vizuri kuliko ya mtu yeyote kijijini, hilo nasema hata kama ni mume wangu. Msichokijua ni kwamba kwa miezi mingi alikuwa akiona damu chooni na akanyamaza. Mimi niliijua siku alipoanguka shambani akiwa na kikapu mkononi. Nilimgombeza kwanza, nikalia baadaye. Ndivyo nilivyo.

Madaktari walikuta uvimbe chini kabisa kwenye utumbo mpana. Ni saratani, wakasema, lakini inaweza kukatwa. Tukateremka kwenda Embu. Nilimwonyesha mlima ukiwa wazi, bila wingu hata moja. Akautazama kidogo akasema, "Uko tu." Nikaacha kumwonyesha vitu.

Wodini

Upasuaji ulichukua muda mrefu kuliko walivyotuambia. Nilikaa kwenye benchi la saruji na mwanamke wa Mbeere aliyekuwa akimsubiri kaka yake. Hatukujuana hata majina. Alikuwa na ndizi mbivu mbili, akanipa ile kubwa. Mpaka leo nikimenya ndizi namkumbuka mama yule.

Siku ya pili muuguzi, ambaye sote wodini tulimwita Sista, aliniita kando ya kitanda. "Mama, karibia. Hii kazi utaifanya wewe nyumbani, kwa hivyo usiogope kuangalia."

Akafunua shuka. Upande wa kulia wa tumbo la mume wangu kulikuwa na kifuko cha plastiki kilichobandikwa kwenye ngozi, na ndani ya kifuko ulionekana utumbo wenyewe. Walikuwa wameutoa nje kidogo ili sehemu iliyoshonwa chini ipone kwa amani. Akishamaliza matibabu wataurudisha ndani. Niliyaelewa hayo yote, ila nilikuwa sisikii vizuri, kwa sababu nilikuwa nautazama ule utumbo. Ulikuwa mwekundu, umelowa, unang'aa, na ulikuwa ukitembea. Hakuna aliyeugusa. Ulijikunja na kujikunjua peke yake, polepole, kama mtu anayepumua usingizini.

Nimeishi na mwanamume huyu miaka ishirini na minane. Nimempikia, nimemfulia, nimemzalia. Sikuwahi kufikiri hata siku moja kuhusu kitu hiki kilichokuwa kikipokea chakula changu gizani na kukifanyia kazi bila kuambiwa. Nilishikwa na hofu ya aina ile ambayo mtu huwa nayo mbele za Mungu. Nikasema, "Sista, inafanya hivi tangu alipozaliwa?"

"Tangu kabla ya kuzaliwa, mama."

Nikainua macho nimwambie Baba Kendi aone. Alikuwa amegeuza uso ukutani.

Kazi iliyobaki ilikuwa kungoja upepo, ule wa tumboni. Wodi nzima ilikuwa ikingoja upepo wa Baba Kendi, kwa sababu upepo ukitoka ndio tumbo limeamka, na tumbo likiamka ndipo unaruhusiwa kula. Daktari akiingia anauliza upepo. Sista akibadilisha zamu anauliza upepo. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mtu mzima mwenye mvi, aliuliza kila asubuhi kwa adabu kubwa, "Mzee, bado?" Siku kifuko kilipofura hewa ghafla kwa mlio mkubwa, wagonjwa wanne walipiga makofi. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mume wangu alijifunika shuka mpaka kichwani.

Siku ya kutoka daktari alituambia maneno machache. Baada ya wiki tano arudi kuanza dawa za kumaliza mabaki ya ugonjwa. Lakini dawa zile ni kali. Akirudi akiwa amekonda zaidi, hazitaanzishwa. "Kwa hivyo mzee, kazi yako ni moja. Kula."

Majimbo

Tulikaa wiki mbili kwa Wanja, binti ya mama yangu mdogo, mtaa wa Majimbo pale Embu, ili tuwe karibu na hospitali kidonda kikipona. Wanja ni mtu wa ofisi, ana sofa nyeupe, na alimpa mume wangu sofa ile bila kutandika hata taulo. Huo ni upendo, na ninauandika hapa ili ujulikane.

Kifuko nilijifunza haraka. Ukifungua chini, ukamwaga, ukasuuza, ukafunga, ni dakika tano. Yeye hakukigusa hata mara moja. Nikianza kazi, anatazama dari.

Jumapili ya kwanza walikuja wageni wa kanisa la Wanja kumwombea. Tukafumba macho. Katikati ya maombi, palipokuwa pametulia kabisa, utumbo ukatoa sauti ndefu, ikapanda, ikashuka. Hakuna aliyecheka. Wote walijifanya hawakusikia, na hiyo ndiyo iliyoharibu mambo. Walipoondoka aliniambia, "Mama Kendi, hii kitu hainisikilizi. Itaongea ikitaka. Mimi nitakaaje benchi ya mbele?"

"Utakaa kama wengine."

"Wengine wakitaka wanauzuia upepo wao."

Kuanzia hapo uji ukawa vijiko viwili. Wali, kijiko kimoja. Alikuwa amefanya hesabu yake: asipokula, kifuko hakijai, na kisipojaa hakiongei. Nilibembeleza, nikatisha, nikamwita mchungaji kwa simu. Wanja alimtania kwamba atapeperushwa na feni. Mkanda wake ulikazwa tundu moja, kisha jingine, na zile wiki za daktari zilikuwa zikipungua.

Embu hadi Nkubu

Mwiti, kijana wa jirani yetu, huendesha pikapu ya miraa. Mnajua magari yale. Yanateremka kwenda Nairobi yakiwa yamejaa, mbio kabla majani hayajanyauka, na mtu akiyaona anaruka mtaroni na watoto wake. Yakirudi yako matupu. Mwiti alipiga simu akasema atatupitia, kwa sababu Baba Kendi hangeweza kuketi safari yote mkanda wa gari ukimkaa kwenye kidonda. Tukatandika godoro nyuma, chini ya turubai. Majani ya migomba ya mzigo wa jana yalikuwa bado pale pembeni, na mume wangu alipoyanusa alifumba macho. Harufu ya shambani kwake.

"Mzee," Mwiti alisema, "leo nitaendesha kama nimebeba mayai."

Nilicheka, kwa kuwa namjua. Lakini aliwasha taa zote za tahadhari ili malori yasitugonge kwa nyuma, akashika upande wa kushoto, na tukaanza kutambaa. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Punda wa Runyenjes alitupita. Mtu mwenye baiskeli iliyobeba nyasi alitupita, akageuka kututazama, nusura aanguke.

Mimi nilikaa nyuma na mgonjwa, turubai limefunguliwa upande wa mwisho, na nchi yote ikawa inatoka kwetu badala ya kuja. Majani chai, migomba, makanisa, shule, watoto wa sweta za kijani. Nimepita njia ile mara nyingi na nilikuwa sijawahi kuiona. Kwenye miteremko ya mito Mwiti aliingiza gia ndogo mpaka gari likalia, na kila tuta alilipanda tairi moja moja. Mwanamume ambaye maisha yake yote amelipwa kwa ajili ya mwendo alikuwa akijizuia kwa saa nyingi kwa ajili ya tumbo la jirani. Nilimtazama kisogo chake kupitia kioo na nilijisikia mdogo.

Kabla ya Chuka polisi alitusimamisha.

"Wewe, hii ni gari ya miraa?"

"Ndiyo, afande."

"Na inaenda hivi? Umebeba nini?"

Akaja nyuma kwa hatua za mtu aliyekamata kitu. Akainua turubai, akamkuta Baba Kendi amelala na mimi nimeshika chupa ya maji. Nikamwambia yote, opareshoni, utumbo, kifuko, maana nilikuwa nimechoka kunong'ona. Afande alivua kofia. Akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mzee. Nimekuwa hii barabara miaka sita, sijawahi kuambia gari ya miraa iende tu, bila kitu kidogo." Kisha akasimamisha lori lililokuwa likija ili tuingie barabarani vizuri.

Igoji tulinunua ndizi mbivu. Baba Kendi alimenya moja, akaishika mpaka Nkubu, akairudisha kwenye karatasi.

Kaaga

Saa nane tulifika Meru mjini, tukaingia Kaaga kwa dada yake Baba Kendi, Mwalimu Karimi. Alikuwa ameomba ruhusa shuleni apike. Wali laini, viazi vya kupondwa, supu iliyochujwa, kila kitu nilichomwagiza kwa simu. Alikaa kando ya kaka yake akamsimulia habari za watoto wa darasa la nne, na Baba Kendi akawa anakula. Kijiko baada ya kijiko. Nilikwenda jikoni nikamwambia Mungu asante, kwa maneno hayo tu.

Nikarudi kumsaidia kuvaa koti. Mfuko wa kulia ulikuwa mzito na umelowa. Nikaingiza mkono. Wali. Viazi. Kitambaa chake cha mkono kimejaa viazi.

Sikujali kwamba Karimi amesimama pale. "Baba Kendi, unanidanganya mimi? Mimi?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Wewe unaogopa sauti ya tumbo, mimi naogopa kukuzika. Unataka niende kwa daktari niseme nini, kwamba alikufa kwa aibu?"

Akaniangalia, na macho yake yalikuwa na maji. "Mama Kendi, watu wataniona nusu mtu."

"Basi mimi nimeolewa na nusu, na hiyo nusu naitaka."

 Karimi alikuwa analia juu ya sufuria. Mwiti, maskini, alikuwa ameingia kuaga, akatoka kinyumenyume.

Kaaga hadi Laare

 Alilala akijifunika shuka uso mzima, jua lisimpige. Mimi nilijitanda leso kichwani, nikainamisha uso kwenye magoti, nikalia kwa utulivu kwa muda mrefu. Simu yangu nilikuwa nimeizima, kwa sababu kila shangazi alitaka kujua tumefika wapi. Gari lilienda pole zaidi kuliko asubuhi, taa zikiwaka na kuzima.

Karibu na Kianjai pikapu nyingine ya miraa ilitujia nyuma kwa kasi yao ile, kisha nikasikia breki. Ikawa sambamba nasi. Dereva alinitazama mimi, akatazama lile shuka, akatazama mwendo wetu. Akavua kofia, akaiweka kifuani. Halafu akaondoka kwa mwendo wa kuchoma mafuta. Nikajiambia, kijana amelelewa vizuri.

Kuanzia hapo mambo yakawa ya kushangaza. Kangeta wanawake waliokuwa na mizigo ya kuni waliitua chini tulipopita. Mjini Maua wanaume wenye boda boda walizima injini, wote, mstari mzima, wakasimama. Mzee mmoja aliinua mkono kama anayebariki. Mimi machozi yalianza upya, lakini ya aina nyingine. Nikasema, kumbe watu wa kwetu wana heshima ya wagonjwa kiasi hiki, na sisi tulikuwa tunajificha! Nilimgusa bega. "Baba Kendi, watu wanakusimamia barabarani." Vidole vyake vikakaza pindo la shuka. Nikajua amesikia.

Nyumbani

Jua lilikuwa linaelekea kushuka tulipokata kona ya kwetu. Nikasikia wimbo wa kanisa, sauti nyingi, ule wa kusindikiza. Nikaona viti vya plastiki, vile vya kanisa. Nikaona moshi wa mafiga matatu na sufuria kubwa za shule. Uwanja wangu ulikuwa umejaa watu, na ninyi mlikuwa pale, mmejifunga vitambaa kichwani, msikane.

Mwiti alizima gari mwenyewe bila kujua kwa nini. Wimbo ukaisha. Ntongai, mtu wa rika la Baba Kendi, aliyetahiriwa naye pamoja, alikuwa amesimama mbele na kofia mkononi, na maneno yalikuwa yameshamtoka: "...mtu ambaye hakuwahi kunipita shambani bila kuniita. Sasa nani ataniita? Mleteni. Mleteni nyumbani kwake, hata akiwa hivyo, tumpokee."

Ndipo nilipoelewa. Gari la miraa haliendi pole. Halijawahi kwenda pole tangu miraa ianze kuuzwa. Likienda pole na taa za tahadhari, na mke amejitanda leso nyuma, limebeba maiti. Yule dereva wa Kianjai alilijua gari la Mwiti, akaimwaga habari hiyo njia nzima na kufika Laare saa mbili nzima kabla yetu, na nani angepiga simu kumuuliza mjane akiwa barabarani?

Wanaume sita wakaja kupokea mwili. Ntongai akashika turubai, akaliinua.

Baba Kendi akaketi.

Kimya kile sitakisahau. Hata watoto wachanga walinyamaza. Wale sita walisimama na mikono yao imenyooshwa.  Baba Kendi alikuwa anawatazama, uso baada ya uso, wenye macho mekundu kwa ajili yake.

Na katika kimya hicho, utumbo ukaongea. Ulianza chini, ukapanda, ukazunguka, ukamaliza kwa mlio uliosikika mpaka kwenye mafiga.  Nikasema moyoni, sasa ameisha.

Bibi mzee wa boma la jirani, yule asiye na meno, akapaza sauti, "Sikieni! Tumbo inaongea! Maiti tumbo haiongei!"

Uwanja ukalipuka. Watu walicheka, walilia, walipiga vigelegele, mmoja wenu alikanyaga chungu. Na Baba Kendi, mikono yote miwili imeshika kidonda, alianza kucheka. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu siku aliyoanguka shambani. Ntongai alimkumbatia akiwa bado ndani ya gari, akalia begani kwake kama mtoto.

"Mmenipikia nini?" mume wangu akauliza.

"Hatukukupikia wewe," Ntongai akasema, huku akijifuta pua. "Tulipikia wale wa kukulilia."

"Basi nipeni hiyo ya kunililia."

Githeri ya mahindi na maharagwe nilizuia, na kabichi pia. Lakini kulikuwa na sufuria ndogo ya ndizi zilizopondwa laini, bila mahindi, ya wazee wasio na meno. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, mbele ya watu wote, akala. Sahani ya kwanza niliihesabu vijiko. Ya pili nikaacha kuhesabu. Kati ya sahani ya pili na ya tatu aliniambia kwa sauti ndogo, "Mama Kendi, hawa walikuja kunichukua hata nikiwa maiti. Watanikataa na kifuko?"  Nilimwongezea supu.

Watu hawakuondoka. Walikaa wakinywa chai ya msiba wakiwa na furaha, jambo ambalo sidhani limewahi kutokea Laare. Baada ya muda Baba Kendi akasimama mwenyewe, akaingia nyumbani. Nikamfuata na beseni na kitambaa kama kawaida.

Akanizuia mlangoni. "Nipe hizo. Ngoja nje."

Nikangoja nje. Nikasikia maji. Nikasikia akijikwaa kwenye ndoo na kulalamika. Nikasikia kimya, na nikajua anautazama utumbo wake kwa mara ya kwanza. Nilishika fremu ya mlango. Nilitaka kuingia na sikuingia.

Kisha akaita, kwa sauti ile anayoitumia shambani kuniita kutoka ng'ambo ya bonde:

"Mama Kendi! Kifuko ilikuwa imejaa! Imejaa kabisa!"

Na uwanja mzima ukaitika, "Amina!"